Sikumwona kwa Macho

Kwa Mama yangu,

Chamgei, Mama. Mguu unaendeleaje? Ulienda hospitali ya Longisa wakauangalia, ama bado unajikokota nao shambani kuchuma majani chai? Najua jibu, wewe husikii la mtu. Mimi mwili uko sawa.

Ningepiga simu, lakini kwa simu nitalia tu. Ile kesi imeisha, Mama. Yule mkubwa wa kambi ya mateka ameachiliwa.

Wacha nikuambie vile ilienda. Nilishika Biblia, nikaeleza vile mimi na Kibet tulikuja huku ng'ambo kuendesha lori, tukavalishwa nguo za jeshi, na hata wiki haikuisha tukatekwa vitani. Nikaeleza kile kichapo, na vile walimmwagia Kibet maji ya barafu mpaka akakata roho. Nikasema aliyeamuru wamwage tena ni huyo mkubwa. Sauti yake niliisikia kila asubuhi akituhesabu, siwezi kuisahau.

Wakili wake akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulimwona?"

Tulikuwa tumefungwa vitambaa machoni! Nikakumbuka vile ulinichapa nikiwa darasa la tatu, kwa sababu nilisema nimeona ng'ombe wa jirani kwa mahindi yetu na sikuwa nimeona. Nikajibu, "Sikumwona. Nilimsikia." Shahidi mwingine hakuna, wale tulikuwa nao hawajapatikana. Kesi ikafia hapo. Jamaa akatoka akisalimia watu kwa mkono, ati anashukuru haki imetendeka. Nilitamani nimtemee mate.

Na ni yeye tu anajua Kibet alizikwa wapi. Tulitegemea akifungwa atasema. Sasa nani atamlazimisha? Nasikia mamake Kibet ameacha nafasi kando ya kaburi la mzee wake, hajapanda kitu. Nenda umwambie, Mama, tafadhali, asisikie kwa watu wa sokoni. Mwambie asingoje tena.

Ulinilea nisiseme nisichokiona, na sikulaumu. Lakini ningeulizwa tena leo, haki ya Mungu, ningesema nimemwona.

Salimia Baba, na dada Chelangat anayefunza watoto wa chekechea, na mjomba anayesaga unga kwa posho mill. Mamake Kibet usimpe salamu zangu. Akiuliza kama nimemtumia neno, mwambie nilikosa la kusema.

Ni mimi mwanao,
Kipngeno