Gitaa Safi kwa Sauti ya Altje

Jumapili, 1 Juni 2008

Mashine ya kurekodi imefika! Novita, binti yetu, ameituma kutoka Bitung kwa basi, imeviringishwa kwa taulo. Ukubwa wake kama Biblia ya mchungaji. Ina njia nane: gitaa unalitengea njia yake, sauti njia yake, kisha unazichanganya upendavyo. Maagizo ya Novita kwenye simu mafupi tu: Papa, rekodini kabla Mama hajapasuliwa.

Tarehe haijatoka. Daktari kule Manado hakuficha. Uvimbe wa kooni unatolewa pamoja na kisanduku cha sauti. Mke wangu Altje alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ataweza kula samaki wa pilipili.

Baada ya ibada tukajaribu. Maiki moja mbele ya spika ya ampu yangu, nyingine kwake. Tukapiga ule wimbo wa harusi, tuliowapigia watu Tomohon nzima miaka yote ile. Alianza kwa kukwaruza kidogo, lakini mwishoni akapanda juu — vinyweleo vilinisimama!

Gitaa langu sasa. Aibu. Linavuma, na nikikaza mkono linachanika. Altje kasema mbona zuri tu. Nikamwambia ngoja, hii si ya harusi, hii ni ya kubaki.

Jumanne, 3 Juni

Nawinda mvumo. Nimechomoa friji, ukapungua. Nimezima taa ya sebuleni, ukaisha karibu wote. Nimefurahi kama mtoto! Friji nikaisahau.

Altje akanijia na bakuli la maji ya damu kutoka kwenye friji. "Haya, gitaa safi tumepata. Tutakula nya—"

Neno likakatika katikati. Akajaribu tena, likakatika palepale. Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimelijua kosa. Nilikuwa naifungulia mashine sauti kupita kiasi. Ile taa nyekundu ikishawaka, sauti imechanika, na huwezi kuishona tena hata ushushe vipi baadaye. Ampu nimeipandisha juu ya gunia la mchele, maana sakafu yetu ya mbao inaitikia kila kitu. Maiki nimeitoa katikati ya spika nikaisogeza ukingoni. Ule ukali wote umeondoka. Mlio wa mviringo, mtamu!

Mara Hengky, jirani, akaanza kujaribu maspika yake ya kukodisha. Madirisha yakacheza. Nikamfokea kutoka barazani.

"Wempie, ukitaka kimya hamia makaburini!" akanijibu.

Kisha akamwona Altje nyuma yangu, na kitambaa chake shingoni. Akazima. "Shemeji, nisamehe. Mdomo wangu huu."

Altje akampungia mkono, kwamba hakuna neno. Hengky hakuwasha tena leo.

Jumapili, 8 Juni

Nimeisikiliza tena rekodi ya Jumapili iliyopita. Haifai. Sauti ya Altje imepenya mpaka kwenye maiki ya gitaa. Nikipiga gitaa upya, mlio wa lile la kwanza unabaki kwenye sauti yake, na yake kwenye gitaa. Studio hawafanyi hivyo. Gitaa kwanza, peke yake. Mwimbaji anakuja kuimba juu yake kwa raha zake.

Nimefuta njia zote mbili. Tuanze upya.

Altje kauliza ataimba lini. Kesho, nimemwambia.

Jumatano, 11 Juni

Bado. Mvua juu ya bati toka asubuhi. Ilipokatika, waya ukaanza kulia. Nimeubadilisha. Kisha vidole vyenyewe vikawa vizito. Mara saba nimefika ubeti wa mwisho na mara saba nimeharibu.

Altje alikaa kitini na hedifoni kichwani, akingoja zamu. Nilipogeuka, amelala.

Hospitali wamepiga simu. Jumatatu. Siku zipo, zinatosha.

Ijumaa, 13 Juni

Limetoka! Kila uzi unasikika peke yake. Hakuna mvumo, hakuna mchaniko. Sijawahi kupiga gitaa hivi maishani mwangu.

Nikamwita. Akaja na maji yake ya tangawizi, amechana nywele. Akakaa sawasawa mbele ya maiki. Gitaa likaanza, likafika pale anapoingia — pumzi tu. Nikarudisha mwanzo. Pumzi, na kitu kama bawaba ya mlango. Nikarudisha. Hata bawaba haikuja.

Akavua hedifoni taratibu, asivute nywele.

"Basi weka ile ya kwanza," akanong'ona. "Ile niliyoimba vizuri."

Nilitazama mashine. Akanitazama mimi. Alielewa kabla sijafungua mdomo.

Akainuka akaenda jikoni. Nikasikia kisu na ubao, anakata vitunguu. Vitunguu vingi mno kwa watu wawili.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani walimwombea. Kwaya yake ilisimama bila yeye, nafasi wakaiacha wazi mstari wa mbele. Yeye alikaa nami. Midomo yake ilikwenda na kila neno.

Nyumbani nikapiga magoti. Nikasema yote: nilifuta mimi, sikufikiri, nilidhani siku zipo. Akaniinua kwa sikio kama anavyowafanyia watoto wa shule ya Jumapili.

"Gitaa lako zuri, Wempie," akanong'ona. "Ndiyo maana linaniuma."

Jumatatu, 16 Juni

Wamemwingiza.

Mlangoni alinishika kola akanivuta, akanong'ona kitu sikioni. Sikukipata. Kitanda kingine kilikuwa kinapita, magurudumu yanalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniachia, ametulia kabisa, kama mtu aliyeahidiwa.

Niliitikia nini?

Alhamisi, 26 Juni

Tuko nyumbani. Anapumua kwa tundu la shingoni. Usiku — hapana, siandiki habari za usiku.

Uji wa mboga anameza, kijiko kwa kijiko. Novita amemnunulia kibao cha kuandikia na kalamu zake. Altje kakiweka juu ya kabati, chali. Hataki. Akitaka kitu anagonga meza, na sisi tunabahatisha: maji? mto? dirisha? Jana ilituchukua muda kugundua ni mtungi wa maua, alitaka ugeuzwe tu.

Hengky alileta samaki wa kuokwa. Akakaa, akaongea peke yake bila kupumzika, akatoka. Nilimkuta nyuma ya banda lake anajifuta uso kwa kofia.

Jumapili, 6 Julai

Novita amerudi Bitung asubuhi.

Nimetoka kuoga nikamkuta Altje mbele ya mashine. Amewasha mwenyewe! Hedifoni kichwani, anasikiliza gitaa. Nikasimama mlangoni. Lilipofika pale anapoingia, kifua chake kikapanda, na tundu likatoa mluzi mwembamba. Akaacha gitaa liende mpaka mwisho.

Kisha akaniona. Akanionyesha kiti. Akanionyesha gitaa. Akawasha ampu, akasogeza maiki kwa mikono yake, karibu kuliko nilivyozoea kuweka. Akabonyeza kurekodi.

Nikamuuliza wimbo upi. Ule wa harusi? Akatikisa kichwa. Wa kwaya? Hapana. Wa kubembeleza, tuliokuwa tukimlaza nao Novita? Hapana. Nikataja zote, hata zile za ujana, hata mmoja tuliouimba mara moja tu na watu wakatuzomea. Kichwa kinatikisika. Hana hasira. Ananitazama kwa utulivu ule ule wa mlangoni hospitali, kama mtu asiye na shaka kwamba naujua.

Nimesema naenda kuchukua kidude cha kupigia nyuzi. Ndiyo naandika haya jikoni, nimesimama. Kidude kiko mfukoni.

Anagonga meza.

Mashine bado inarekodi, haijazimwa. Anagonga tena.