Mama, Ile Injini Ilikuwa ya Moto

Mama,

Leo Jumapili wenzangu wameshuka kanisani, mimi nimebaki kambini na daftari juu ya goti. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la sita, kwa hiyo nivumilie. Ukungu wa Mgololo umeingia mpaka ndani ya bweni. Misonobari siioni, naisikia tu ikidondosha maji kwenye bati. Asubuhi za namna hii huwa nalala macho wazi nikaisikia mashine yako ya kusaga kule Tukuyu, tu-tu-tu-tu, kama vile milima yote iliyo katikati yetu imeondolewa.

Nina habari za kukupa. Moja ni ya aibu.

Bosi wa shamba hili la miti amenunua pikipiki ya magurudumu manne ya kubebea miche, ile inayopanda mlima kama mbuzi. Si mpya, imeshatumiwa na wengine. Kabla hujauliza nani aliikagua, ni mimi. Nilikuwa nimejisifu kambini kwamba mama yangu alikuwa na mashine ya kusaga, kwamba ulikuwa unaweka mchi kwenye injini, ncha ya pili sikioni, unataja mahali panapoumwa kabla fundi hajafika. Bosi akasikia, akanichukua.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu utuache. Tulilala Mbeya mjini, asubuhi mapema tukaenda Uyole alikokuwa muuzaji. Uyole, Mama, pale barabara ya kuja nyumbani inapochepuka. Nilishuka kwenye gari nikaitazama inavyoingia kwenye ukungu, na akili yangu ikaenda nayo. Baridi ilikuwa inauma vidole. Muuzaji akasema, "Karibu, kijana, sikiliza mwenyewe." Niliweka viganja vyote viwili juu ya injini. Ilikuwa na joto. Na mimi, mtoto wa Rungwe, nikafanya tunachofanya wote tukikuta kitu cha moto asubuhi. Niliacha mikono pale. Nikawaza mafiga yako na chungu cha ndizi. Walipoiwasha ikanguruma laini, nikamwambia Bosi, "Nzima hii."

Sikujiuliza kwa nini injini ina joto kabla ya saa moja asubuhi na hakuna aliyeiendesha.

Asubuhi ya kwanza hapa shambani iligonga. Ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Akina mama wa miche waliweka ndoo chini wakasikiliza. Fundi aliyeletwa kutoka Mafinga alisimama dakika chache, akafuta mikono. "Imenoki. Kranki imekwisha. Ifunguliwe injini yote, au itupwe." Bosi akanitazama mimi, si fundi. "Wewe ndiye uliyesema nzima. Kama imekufa, miche itapanda mlima kichwani, na wewe ndiye utakayetangulia. Ruhusa yako ya kwenda kuweka msalaba, isahau."

Unaelewa, Mama. Walipokuzika nilikuwa kwenye vilima vya juu kusikofika mtandao. Ujumbe wa dada Tusa ulinifikia udongo wako umeshakauka. Hiyo siku ya msalaba wa saruji ndiyo iliyobaki kwangu ya kusimama pale na ndugu zetu.

Nikaomba siku moja. Mchi sina. Nikaenda jikoni kwa Upendo, dada anayetupikia, nikamwomba mwiko mkubwa wa ugali.

"Unataka kuisongea ugali pikipiki?" akauliza, na kambi nzima ikacheka. "Haya, chukua. Ukirudi unanuka oili, ugali wake utaula wewe peke yako."

Niliiwasha ikiwa baridi, jua halijatoka. Nikaanza chini, upande wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nikabana ncha ya mwiko sikioni na kufumba macho. Mama, naapa nilikuwa kwenye kibanda chako. Unga ulikuwa umetujaa kwenye nyusi, nawe unaniambia, "Usisikie kelele. Sikia mahali." Pale chini palikuwa pametulia. Nikapandisha mwiko taratibu mpaka kwenye silinda. Hapo pigo likaja lote, likanitikisa meno.

Kisha nikafanya kile ambacho fundi wa Mafinga hakukifanya. Nikasubiri. Kranki iliyokwisha hugonga zaidi injini ikipata moto, maana oili inakuwa nyepesi na chuma kinakosa pa kulalia. Hii ilipopata moto ikaanza kunyamaza. Ko, ko. Ko. Halafu laini, kama siku ile Uyole. Ilikuwa pistoni tu, imelika, inachezacheza ndani ya silinda wakati wa baridi, ikipata moto inavimba na kujaa mahali pake. Ni ugonjwa wa uzee. Itafanya kazi bado, mradi ipashwe kwanza kabla ya kubebeshwa mzigo, na pistoni mpya itafutwe bila haraka.

Nilimweleza Bosi. Ningeweza kuishia hapo nikaondoka mshindi, lakini nikamwambia na la Uyole, kwamba walikuwa wameshaipasha kabla hatujafika, na mimi badala ya kuuliza nikaona raha ya joto. "Kwa hiyo nilipeleka paka wa kuota moto kukagua injini," akasema. Hakucheka. Lakini pikipiki ilipomaliza wiki nzima ikipanda na kushuka na miche, alinipa siku nne.

Jana nilipanda kilimani penye mtandao kumwambia Tusa kwamba nakuja. Nikamsimulia habari ya muuzaji, huku nacheka. Yeye akasema, "Na mama alikuwa hivyo hivyo."

Akaniambia. Kwamba asubuhi ulikuwa unakohoa mpaka unashika ukuta. Kwamba ulijua mimi napiga saa saba, saa ya chakula. Kwamba saa sita ulimwomba maji ya moto yenye tangawizi, ukanywa polepole, ukasafisha koo, ukaweka simu mapajani na kungoja. "Mimi mzima, mwanangu. Wewe fanya kazi." Sauti haikuwa na mkwaruzo hata kidogo. Nami nilikata simu nikawaambia wenzangu, mama yangu mzima.

Mwaka mzima, Mama. Kila nilipopiga.

Sikulaumu. Yule wa Uyole aliipasha apate kuuza, wewe ulijipasha ili nisiache kazi. Lakini mimi ndiye uliyenifundisha kwamba kitu husikilizwa kikiwa baridi, na sikukupigia hata alfajiri moja. Usingizi ulikuwa mtamu, miguu imechoka, kilima kiko mbali. Hizo ndizo sababu zangu, ndogo hivyo. Sina pa kuzitua, nimeziandika hapa.

Tusa amebaki peke yake pale nyumbani. Nakuahidi, huyo nitampigia alfajiri. Nitapanda kile kilima gizani, nimsikie kabla hajanywa kitu.

Jumamosi nashuka Uyole, na safari hii naingia ile barabara. Jumapili ndugu watakuja saa nne na saruji na nyimbo. Mimi nitakuwa nimewatangulia. Nitafika jua halijagusa migomba, udongo ukiwa bado wa baridi, nikae hapo chini karibu na wewe bila kusema neno.

Usijitayarishe, Mama. Usinywe kitu cha moto.

Ndaga, Mama. Asante.

Mwanao,
Ambokile