Kiti cha Baba na Nyuki wa Bibi Doroti

Dada yangu Goreti,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala hapo kwako Jabe. Mguu wako umepoa, au bado unasimama sokoni kutwa nzima ukijifanya mzima? Nakujua. Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia tangu uliponipigia kuniambia Baba ametutoka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hata nimeukariri. "Baba mudogo anasema hatutagandura, hatutamaliza kilio, mpaka we uje. Ni we mutoto mwanaume. Kiti ya Baba ni yako, na mrija ya kwanza ya pombe ni yako. Mi siwezi, mi ni mwanamuke." Halafu nyuma yako nasikia watu wakivutana bei. Unangoja jibu. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze hapa nilipo, maana jibu lenyewe nimelipatia hapa.

Kijiji hiki cha Waingereza ni kidogo, ukipiga chafya kinaisha. Nyumba za mawe ziko juu ya kilima, pamoja na shule iliyokosa watoto ikageuzwa nyumba ya mtu. Chini bondeni kanisa limesimama peke yake katikati ya kondoo. Nilipofika nilicheka moyoni, nikasema watu gani hawa wanaojenga kanisa mbali na miguu yao. Bibi Doroti, mzee mwenye shamba ninalofanyia kazi, akanieleza kwamba zamani sana kijiji kilikuwa hukohuko bondeni. Ugonjwa ukaja ukafagia watu, na waliobaki wakahamia juu. Asubuhi za baridi, jua likiwa bado chini, unaona matuta kwenye majani: hapa palikuwa na nyumba, hapa ilipita njia. Siku hizi kondoo wanalala juu ya vyumba vya watu.

Dada, nilipoyaona matuta hayo nilimpa Bibi Doroti mgongo nikalia. Niliiona Gatumba yetu siku maji ya mafuriko yalipoondoka, yakatuachia msingi wa nyumba na karai la marehemu Mama. Nilimwona Baba amekaa juu ya meza, maji yamejaa chumba, hataki kutoka, mpaka ulipombeba mgongoni ukampeleka kwako.

Siku ya simu yako nilikuwa nalisha kondoo. Bibi Doroti alinikuta nimekaa kwenye matope. Hakuniambia pole nyingi, maneno huku ni ghali. Alinishika mkono mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mizinga yake ya nyuki, akatoa mfukoni ufunguo wa mlango.

"Kwetu mwenye nyumba akifa, nyuki lazima waambiwe," akasema. "Unagonga mzinga kwa ufunguo, unawaambia bwana wao amekufa, na bwana mpya ni nani. Wasipoambiwa wanahama."

Nikamuuliza nani aliwaambia baba yake alipokufa.

"Ilikuwa kazi ya kaka yangu, ndiye mwanaume. Lakini alikuwa mbali, baharini. Tukamngoja. Mzinga mmoja ukahama. Basi nikachukua ufunguo nikagonga mwenyewe, nikawaambia ni mimi."

"Wakakubali?"

"Si unawaona."

Akaniwekea ufunguo mkononi, akaondoka. Nikagonga, nikawaambia nyuki wa Waingereza, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kwamba Baba amekufa. Hapa hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia kwa lugha hiyo. Niliwasimulia mashamba yake ya mpunga, na ukali wake, na alivyokuwa akiimba kwa pua akinyoa ndevu. Nikafika mahali pa kumtaja bwana mpya. Jina langu likakataa kutoka. Nikataja lako.

Kwa hiyo msiningoje. Nikitoka huku karatasi zangu hazijakamilika sitaruhusiwa kurudi, na hakuna anayejua zitakamilika lini. Inaniuma, Dada. Nilitaka nisimame mbele ya watu niwashukuru kwa kumzika Baba, na sitasimama. Mwambie Baba mdogo kwamba mwanaume anayemngoja ameshasema: kilio kimalizwe, na kiti akikalie aliyembeba Baba mgongoni. Akibisha, msomee barua hii mbele ya wageni. Mbele ya wageni hajui kugomba.

Mpe heshima zangu hata hivyo. Msalimie shangazi yetu wa Ruziba, mwambie samaki wa huku hawana ladha, nazikumbuka ndagala zake. Na jirani yako fundi baiskeli, aliyelishika jeneza upande wangu, mshukuru kwa niaba yangu.

Siku hiyo wakikuletea mrija wa kwanza, usitazame mlangoni. Siji. Kaa, unywe.

Ni mimi mdogo wako,
Deo