Nimechagua Redio ya Wati Mbili

Kasikeu, Jumamosi jioni, 1989

Jua la leo limechoma bila huruma na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Mimi nimerudi nyumbani nikiimba.

Wacha nianze na Jumapili iliyopita. Mzee Nthenge, aliyenifundisha Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu, mpaka nikapita mtihani wa leseni ya kutuma kwa redio, anahamia kwa binti yake na hawezi kubeba vyombo vyake vyote. Aliniita kwake. Nilienda na mume wangu Mutua na kaka yake, Kioko, mwenye gari. Mezani kulikuwa na redio mbili za mawasiliano. Moja ni ya wati mia, nzito, kuibeba ni watu wawili. Nyingine ni ya wati mbili, inatuma Morse peke yake, na inaingia kwenye kiondo.

"Mwalimu, moja ni yako," Mzee akasema. "Chagua."

Kioko hakungoja nifungue mdomo. "Shemeji, chukua kubwa. Tutaiweka dukani kwangu Kambu, kuna jenereta. Ukitaka kuongea unakuja tu."

"Nikitaka mimi, ama ukitaka wewe?"

Akacheka. Akasema ile ndogo ni ya watoto, haiwezi kufika hata mji wa Sultan Hamud hapa karibu. Mutua akaangalia viatu vyake.

Kimya hicho ndicho kilichoniuma.

Ni kweli niliitamani kubwa. Nani asingeitamani? Lakini kwetu hakuna stima, na hata betri ya gari ingeimaliza upesi. Ingekaa Kambu, nami ningekuwa nasafiri kwenda kuomba ruhusa ya kutumia leseni yangu mwenyewe. Leseni niliyoisomea nikinyonyesha. Nimechoka kuomba.

Nikabeba ndogo.

Kioko alinicheka njiani mpaka nikamwambia leseni ina jina langu, si lake wala la duka.

Leo asubuhi nimepanda kilima nyuma ya shule, redio kwenye kiondo pamoja na mawe ya tochi ya kuiwashia. Mutua alinifuata, akachukua waya wa antena, akaurusha juu ya mgunga. Akina mama waliokuwa wakitoka kuteka maji walituuliza tunataka kuanika nini huko juu.

Nikaita kwa Morse. Hakuna jibu. Nikaita tena na tena, jua likapanda, vidole vikafa ganzi. Maneno ya Kioko yakaanza kunirudia. Nikazidi kubonyeza, sasa kwa hasira.

Halafu, katikati ya mvumo, mtu akajibu.

Yuko Mauritius. Alinisikia kwa shida, akaniomba nirudie, nikarudia. Akapata jina langu, akapata Kasikeu, herufi kwa herufi. Nilipomwambia natumia wati mbili, akauliza tena kana kwamba amekosea kusikia.

"Anasema nini?" Mutua akauliza.

"Anasema ananisikia."

Mutua akakaa chini kwenye jiwe. "Jumapili nilipaswa kusema kitu," akasema.

"Ulipaswa."

Sikumwongezea, wala sikumlainishia. Lakini tulishuka tukicheka.

Najua Kioko ameshaanza kumwambia mama mkwe kwamba nimeacha mali ya maana. Aseme. Jumatatu naanza kuwafundisha Morse wasichana wa darasa la nane, na asiyetaka aje aniambie mwenyewe, mbele yao.