Wateja wa Mama Mkwe Hawaombi Punguzo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana ikifika nimekwisha. Mimi ni fundi simu, nimeoa, mke wangu hana neno, tatizo linamhusu mama yake, na hata yeye hana kosa, kosa ni langu.

Mama mkwe ameuza mapazia sokoni tangu mke wangu akiwa mgongoni, na ungemwona enzi zile mshauri ungeacha kazi yako ukakae umsikilize, anapanda kigodani, anatandaza pazia mkononi, anaita, "Njooni muone, hata jua litapiga hodi kabla ya kuingia!" watu wanacheka, na anayecheka ananunua. Mke wangu nilimpatia pale. Nilikuwa kijana nimepanga chumba kisicho na dirisha, nashikashika mapazia nisiyo na pa kuyatundika ili nimwone binti, na mama anajua, ananiambia, "We kijana, simama hapohapo, ukisimama mmoja wanakuja kumi." Mpaka leo nikinusa kitambaa kipya moyo unarudi kule, nasikia mkasi, namwona binti ananirudishia chenji bila kunitazama usoni. Siku zile zilikuwa tamu mshauri, na sikujua.

Basi soko likapoa, watu wakahamia kwenye simu, magoti ya mama nayo yakagoma, nikasema ngoja nimfungulie akaunti auze laivu, nikamwekea simu sebuleni kwake karibu na dirisha, akajipamba, akaita kama zamani. Watazamaji walikuwa wanne, mmoja ni mimi niko jikoni kwake, mwingine mke wangu yuko kazini. Akaita mpaka sauti ikakauka, kisha akauliza, "Baba, wamefika?" Wewe ungejibu nini? Nikasema wako njiani, na kesho yake nikanunua watazamaji kwa jamaa mmoja mtandaoni, wakaingia elfu mbili, si watu, ni mashine tu zinazorusha vikopa na kuandika "pazia zuri mama".

Mama akawa msichana tena. Anawasalimia kwa majina yao ya uongo, anawauliza watoto wameamkaje. Wanaonunua kweli hawazidi kumi na mmoja, lakini yeye anasema, "Wengine bado wanapima madirisha." Juzi akaniuliza mbona wateja wa siku hizi hawaombi punguzo, nikasema wana adabu, akasema, "Wa zamani walikuwa wanaitukana bei, halafu wanabeba." Alisema kwa huzuni.

Sasa wenye mtandao wametuma tangazo, wanasaka watazamaji bandia, atakayekutwa nao kuanzia wiki ijayo anafungiwa akaunti na anatangazwa tapeli. Maandishi madogo, mama akanipa simu, "Nisomee baba, wanasemaje?" Nikamwambia wanakupongeza! Na kwa furaha ya pongezi hizo ameamua kuachia kibanda chake cha sokoni, Jumamosi anakabidhi funguo kwa uongozi wa soko, na wanaokitaka wamejaa. Nikisema namvunja moyo, tena mimi ni mkwe, nitamtazamaje? Nikinyamaza kibanda kimekwenda. Nifanyeje?

Mkwe mwenye haya

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe, haya yako imechelewa. Siku unazilipa mashine zimsifu mama ilikuwa imesafiri?

Nilianza kucheka, nikaacha. Na mimi nimelelewa na mwanamke wa sokoni. Alikuwa akirudi jioni sauti imemkauka, tunampa maji ya uvuguvugu, hakuna ruhusa ya kumsemesha mpaka anywe. Siku akirudi na sauti nzima tulijua hakuuza. Naikumbuka sauti ile mbovu, na ningetoa chochote niisikie. Kwa hiyo naelewa kwa nini ulishindwa kumwambia hawajafika.

Lakini usijifariji kwamba hata wewe zamani ulisimama kibandani bila haja ya pazia. Mama alikuona, akajua wewe ni nani na unataka nini. Hawa wa sasa umemficha. Tena mashine si kosa kubwa kuliko kumdanganya juu ya lile tangazo. Mtu akikupa simu umsomee, ameazima macho yako. Wewe ukayafumba.

Na hilo swali la punguzo, ulidhani ni la kupitisha muda? Mfanyabiashara mzoefu alishanusa. Alikufungulia mlango useme, ukaufunga, naye akaamua kukuamini wewe kuliko pua yake. Njia ya mwongo ni fupi, yako inaishia Jumamosi.

Leo hiihii kata hao watazamaji wa kununua. Mwambie mke wako kwanza, atakuzomea, mwache amalize, kisha mwende pamoja. Kaa chini, msomee mama tangazo lote kama lilivyoandikwa, halafu sema, "Mama, wale watu niliwaleta mimi, nao si watu." Usianze na "nilitaka kukusaidia". Hilo aliseme yeye akipenda. Mwombe asitoe funguo. Baada ya hapo laivu ifanyieni kibandani, kwenye kelele na wapita njia, yeye aketi aite, na wewe mwenye magoti mazima upande kutundika. Akikununia mwezi mzima, nuniwa, na kila asubuhi uwepo.

Unaogopa atavunjika akijua wamebaki kumi na mmoja. Mwanangu, huyo amefungua kibanda asubuhi za mvua, akauza pazia moja, akarudi kulisha watoto. Kumi na mmoja hawamtishi. Kitakachomvunja ni kujua Jumatatu, kibanda hana tena, kwamba elfu mbili aliokuwa akiwaulizia watoto wao hawakuwa na watoto, na kwamba mkwe aliyemwita baba alijua.