Bakuli Zilizojaa

Jumatatu, 7 Aprili
Zamu ya asubuhi, Kingstanding. Namlisha uji mzee ninayelipwa kumtunza, simu inatetemeka mfukoni. Picha ya Neema kutoka Osaka: tambi kwenye bakuli kubwa, nusu yai juu. Ndiyo makubaliano yetu, kila mlo picha. Miaka miwili iliyopita binti yangu alilazwa kwa kukataa chakula. Sikutaka aende, hata na rafiki yake Simran. Lakini anakula!

Jumatano, 9 Aprili
Leo eti vitumbua vyenye pweza ndani. Wajapani nao! Halafu akapiga simu ya video. Mashavu yamejaa. Nilifurahi hadi mdomo ukanitoroka: "Mwanangu, umenenepa!"

Kwetu Kakamega ukiambiwa hivyo unashukuru. Neema kazaliwa huku ughaibuni. Kiswahili anakisikia tu, anajibu kwa Kiingereza. Hilo alilisikia vizuri.

"Got to go, Mum." Akakata.

Mjinga mimi.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeomba msamaha, ujumbe mrefu. Jibu: kidole gumba. Picha tatu zimekuja, bakuli zote zimejaa hadi ukingoni. Nilizitazama kwenye basi hadi nikapitiliza kituo changu, Soho Road. Kupiga chakula picha si kukila. Nimemwomba picha ya bakuli tupu.

Hajaituma.

Jumamosi, 12 Aprili
Simran amepiga, analia. Neema kazirai stesheni. Siku tatu ni chai tu. Anaagiza chakula, anakipiga picha, anamsukumia Simran sahani. Sasa yuko hospitali, katundikiwa dripu. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Jumapili, 13 Aprili
Kanisani, mke wa mchungaji kanishika mkono. "Mama Neema, mbona umekonda hivi?" Nilitaka kumpiga.

Jumatano, 16 Aprili
Neema amefika nyumbani. Nilipomkumbatia nilihisi mbavu kupitia koti. Nikampikia supu nyepesi ya kuku. Vijiko vinne, akaacha.

Akasimama mbele ya kioo cha ukumbini. "Mum, how do I look?"

Nikatafuta neno. Umekonda, hapana. Umependeza, uongo. Umenawiri, Mungu apishe mbali.

"Umerudi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, akapanda chumbani. Supu nimeimwaga.