Nekesa, Safu ya Nne Ilikuwa Yako

Mama Nelima,

Wamekuandika Wekesa. Naanza hapo kwa sababu nikianza na salamu nitajifanya mpole, na leo mimi si mpole. Kwenye jarida la ng'ambo, ukurasa wa mwisho wa makala yake, chini kabisa kwa herufi ndogo, Daktari Mugo anamshukuru "Bwana Wekesa na wasaidizi wengine wa Thika". Bwana. Wewe Nekesa, mama wa mtoto, uliyezikwa Bungoma miezi minane iliyopita, umefanywa mwanamume na ukapewa shukrani ya nusu mstari.

Nilisoma nikiwa nimesimama kibandani kwangu hapa Kimbo, mteja akiningoja nimpunguzie sketi. Nilimwambia arudi kesho.

Mengi ya haya unayajua. Nayaandika yote kwa mpangilio kwa sababu nataka yawe mahali, kwa mkono wangu.

Kiwanda cha nguo kilipofungwa tulikuwa tumekagua kitambaa pamoja miaka tisa. Wewe upande wako wa meza, mimi upande wangu, taa chini ya kioo, kitambaa kikipita juu yake. Uzi uliokatika, doa la mafuta, mahali ufumaji ulipolegea: ulikuwa unaviona kabla yangu kila mara, na nilikuwa naudhika. Supavaiza wetu alikuwa dada ya Daktari Mugo, mtaalamu wa nyota. Ndiye aliyemwambia kaka yake kwamba kuna wanawake wawili Thika wenye macho, na sasa hawana kazi.

Ndivyo tulivyojikuta kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake Gatongora, na maboksi ya picha kutoka ng'ambo. Watu walidhani kazi ya nyota hufanywa gizani. Sisi tuliifanya saa nane mchana, mezani, na lenzi mkononi, kuku wa mke wake wakilia nje. Kila picha ilikuwa na tone la mwanga katikati, kama maziwa yaliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Daktari alisema hiyo ni galaksi, nyota zisizohesabika zilizokusanyika mbali mno. Wewe ukauliza, "Na huko nani anakaa?" Akacheka, nikacheka naye. Hukuwa unafanya mzaha. Nilikuja kuelewa baadaye, na sikukuambia.

Alitueleza kazi vizuri, hilo nampa. Darubini siku hizi zinapiga picha nyingi kuliko macho ya watu, kwa hiyo kompyuta lazima ifundishwe kuzipanga. "Ichukulieni kama mfanyakazi mpya," alisema. "Nitaionyesha picha na jibu lenu, picha na jibu lenu, maelfu, mpaka ianze kujibu yenyewe." Majibu yalikuwa matatu. Mviringo, kama kiazi. Zenye mikono iliyojizungusha, kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki. Na zilizovurugika, zisizo na umbo. Safu tatu kwenye daftari, alama moja kwa kila picha.

Wiki ya pili ulichora safu ya nne kwa rula. Ukaiandika "Sijui".

Kwa picha nyingine ulijibu haraka kuliko mimi. Lakini zile hafifu, zilizokuwa kama pumzi kwenye kioo, uliziangalia, ukazigeuza, ukaziweka kwenye safu yako ya nne bila aibu. Kiwandani tulifanya hivyo hivyo. Kitambaa usichokielewa hukukipiga muhuri, ulikiweka kando.

Daktari alikuja Ijumaa akafungua daftari lako.

"Mama Nelima, kompyuta haifundishwi 'sijui'. Chagua moja."

"Basi itafundishwa uongo, Daktari," ukasema. Ulisema polepole, ukipangusa lenzi na pindo la leso.

Akakupa wiki moja. Hukubadilisha. Jumatatu iliyofuata akakuambia usirudi. Ulikunja aproni, ukamuaga mke wake, ukatoka. Ningesema hukunitazama, lakini nadhani ulinitazama. Ni mimi niliyekuwa nimeinamia picha.

Sasa lile usilolijua.

Ulipokwisha kufika barabarani aliweka madaftari yako manne mbele yangu. "Mama Ciku, nimalizie haya." Nikayamaliza. Kalamu yako ilikuwa ya buluu, yangu nyekundu. Nilipita safu yako ya nne mstari kwa mstari nikihamisha kila "sijui" kwenye zile tatu. Asubuhi nilijaribu kweli, nikajiuliza wewe ungeona nini. Baada ya chakula nilichoka, nikaanza kutia "mviringo" ukurasa mzima, kwa sababu kitu chochote kikiwa hafifu vya kutosha hufanana na kiazi. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kama wewe. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Kwa hiyo sikuja kwako Ruiru. Si kwamba nilikosa nafasi. Nilikuja tu ulipokuwa hospitalini, siku ya saba ya nimonia, na ukanisogezea kiti kwa mkono. Ukaniuliza Ciku ameanzaje muhula. Na hapa nakasirika na wewe pia, acha niseme. Kwa nini hukunitukana? Ungeniuliza tu, "Yale madaftari yangu uliyafanyaje?" Ningekuambia. Ulinifanyia wema, ukafa siku tatu baadaye, ukaniachia wema huo kama jiwe kwenye kiatu.

Huku nyuma kompyuta ilikuwa imemaliza shule. Daktari aliyapeleka majibu yake kwa wenzake ng'ambo, wakayalinganisha na picha safi zaidi za darubini kubwa. Zile zenye kung'aa ilipata vizuri. Zile hafifu ilisema mviringo, mviringo, mviringo, bila kusita hata moja, na nyingi zilikuwa na mikono. Nilimsikia akilalamika kwa simu kwamba picha zilikuwa mbaya. Picha hazikuwa mbaya. Ilikuwa imejifunza kutoka kwa mtu mwoga aliyeshiba ugali.

Akarudi kwenye madaftari. Buluu yako ilikuwa bado inaonekana chini ya nyekundu yangu. Alikaa na kurasa zile wiki nyingi, na safari hii akaipa kompyuta shaka yako pamoja na majibu yetu. Badala ya kusema "hii ni mviringo" na kunyamaza, ikaanza kusema inaamini jibu lake kiasi gani, na mahali wewe ulipositasita ikajifunza kusitasita. Ikafaulu. Walimwandikia barua za pongezi. Akaalikwa chuo kimoja hapo Thika kueleza "njia yake", na akanialika mimi nikae mbele kama pambo.

Nilisimama wakati wa maswali. Nikasema, "Safu ya nne ilichorwa na Nekesa, na ulimfukuza kwa sababu yake." Watu waligeuka. Yeye akatabasamu, akasema wasaidizi walichangia kwa njia nyingi, swali linalofuata tafadhali. Nikakaa. Nilikaa, Nekesa, kama mtoto aliyeambiwa akae.

Halafu ndipo likaja jarida, na Bwana Wekesa ndani yake.

Siku ile sikukaa. Nilifunga kibanda nikaenda Gatongora kwa miguu ili hasira isipoe. Alikuwa sebuleni.

"Ni kosa la wapiga chapa," akasema.

"Wapiga chapa hawakumfukuza," nikamwambia. "Unaandika ng'ambo. Unaandika jina lake lote, na unaandika alichofanya."

Halafu nikamwambia habari ya kalamu nyekundu. Kwamba zile mviringo zilizomwaibisha zilikuwa zangu, nilizikisia, na yeye ndiye aliyeniambia nimalizie. Aliinamisha kichwa. Nilidhani anajuta. Kumbe alikuwa anapiga hesabu, kwa sababu aliponyanyua kichwa aliuliza, "Umemwambia mtu mwingine?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa swali hilo. Labda kwa sababu ndilo hasa nililokuwa nikijiuliza mwenyewe mwaka mzima.

Niliandika mimi. Ciku alinisaidia Kiingereza, akanirekebisha mpaka nikachoka, tukatia kopi za kurasa mbili za daftari lako, buluu na nyekundu zote mbili zikionekana, na nikaeleza pembeni mwandiko upi ni wa nani. Wiki zikapita. Nilijiambia wameitupa. Kisha ikaja barua ya mama mmoja anayesimamia lile jarida, akiuliza maswali ya maana, na nikayajibu yote, hata yale ya kuniaibisha.

Wiki jana wamechapisha masahihisho. Jina lako lote, bila Bwana. Wameandika kwamba wewe, mkaguzi wa kitambaa wa Thika, ndiwe uliyeanzisha safu ya shaka ambayo njia hii imejengwa juu yake. Wameandika pia kwamba majibu ya zile picha hafifu yalibadilishwa na mtu wa pili, na mtu huyo ni mimi, kwa jina. Daktari akiniona kwenye steji ya matatu Kimbo anavuka barabara. Mke wake bado ananisalimia.

Nilidhani hasira ingeisha. Haijaisha. Imebadilika tu, imekuwa nzito na tulivu. Ulipaswa kuusoma mstari huo ukiwa hai, ukaukunja, ukasema neno lako moja, ukaendelea na kazi. Badala yake nausoma mimi, niliyekufuta.

Nelima yuko kwa mama yako Bungoma, kidato cha pili sasa, na walimu wanamsifu hesabu. Shule zikifungwa nitapanda basi niende. Nitampelekea ule ukurasa na madaftari yote manne, kwa sababu ni yake. Wataniuliza, yeye na mama yako, kwa nini uliachishwa kazi ile. Ningeweza kumtaja Daktari peke yake, wangeniamini, na wangenichinjia kuku.

Nakuahidi sitafanya hivyo. Nitafungua daftari mbele ya mtoto wako, nimwonyeshe buluu ni nani na nyekundu ni nani, na nitakaa hapo mpaka amalize kuniuliza. Akiniambia niondoke, nitaondoka.

Pumzika, Nekesa. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Ni mimi,
Wairimu, Mama Ciku